Visitacion Paguntalan Anaziacha Kuta Zikiwa Zimesimama

Baada ya kuitumikia Maktaba ya Umma ya Santa Brigida kwa miaka arobaini na miezi tisa kasoro siku sita, Bibi Visitacion Paguntalan anastaafu rasmi tarehe 14 Machi 2024, siku anayotimiza miaka sitini na mitano. Siku hizo sita alizihesabu mwenyewe. Rasimu ya kwanza ya wasifu huu ilisema "takriban miaka arobaini na moja." Aliisoma, akairudisha mezani pangu, akaniambia kwamba takriban ni neno la mtu aliyesahau futi yake nyumbani.

Mji mzima unamjua kama Manang Bising. Hata meya humwita Manang, yaani dada mkubwa, ingawa meya ndiye aliyemzidi kwa miaka mitatu. Aliajiriwa tarehe 20 Juni 1983 kuwa mfagizi wa ukumbi wa kusomea. Mwaka 1985 akawa msaidizi wa fundi wa jengo, na mwaka 1996 akawa msimamizi wa jengo zima, cheo ambacho kabla yake hakikuwahi kushikwa na mwanamke. Katika muda huo amewaona wakutubi wakuu sita, mameya saba, na vimbunga ambavyo huvitaja kwa majina kama watu wanavyowataja mashemeji wakorofi.

Hata hivyo, mara ya kwanza kuingia humu hakuja na ufagio. Alikuja mwaka 1971, akiwa na miaka kumi na miwili, amebeba chakula cha mchana cha baba yake. Tatay Hermogenes Paguntalan alikuwa mwashi mwenye jina lake mjini, na mwaka huo alipewa kazi ya kujenga jengo la ghorofa mbili ubavuni mwa maktaba, upande wa mashariki, lile tulilolizoea sote kwa jina la Nyongeza. Binti alikuwa akisubiri bakuli litupu lirudi, na katika kusubiri akawa anazunguka ukumbini huku ametazama juu. Anasema alidhani ni kanisa ambalo watakatifu wake wametoka kidogo.

Kwa anayepita barabarani tu, maktaba yetu ni ngazi kumi na moja na nguzo nne zenye masuke ya mpunga vichwani. Maharusi hupigia picha hapo. Manang Bising hakuzijali sana nguzo. Alichokipenda ni matundu. Msanifu wa jengo hili, Anselmo Rubiato, alilichora mwaka 1931, wakati umeme wa mji ulikuwa wa saa chache tu, na alijua kwamba humu watakaa watu mia moja na vitabu elfu ishirini katika joto la Aprili. Kwa hiyo alijenga kuta nene za zege na dari ya mita saba. Chini ya kila dirisha la kapis, yale makombe membamba ya baharini yanayopitisha mwanga, aliweka kidirisha cha fito za mbao kinachofika karibu na sakafu. Juu kabisa, chini ya dari, alipanga safu ya matundu yenye nakshi ya majani ya mnazi, na katikati ya paa akasimamisha kijumba kidogo chenye mbavu za mbao. Hewa huingia chini ikitokea kwenye kivuli cha ua, hupanda ikiwa imechoka, na kutokea paani. Hakuna mashine hata moja.

Aliyemfundisha kuyasoma haya ni marehemu Manong (kaka mkubwa) Dalmacio, fundi wa jengo aliyelirudishia paa baada ya vita. Alikuwa mtu wa maneno machache. Katika wiki yake ya kwanza ya kazi alimsimamisha binti yule katikati ya ukumbi, akamwambia avue ndara na asimame kimya mpaka miguu yake ihisi upepo. Akasimama dakika kumi. Alipohisi, mzee akamwambia:

"Basi umeshaziona pua zake. Ina pua chini, ina pua juu. Ukiziba moja, ya pili haina kazi, na jengo litakufia mikononi."

Zilizibwa mwaka 1987. Tulipata zawadi ya viyoyozi sita, na ili baridi isipotee, matundu ya juu yakapigwa lipu na dari ya bodi nyepesi ikashushwa mpaka usawa wa mita tatu. Sherehe ilikuwa nzuri. Lakini umeme wa hapa tunaujua: viyoyozi vilifanya kazi saa nne, vikalala saa ishirini, na unyevu ukakosa pa kutokea. Ndani ya mwaka mmoja magazeti ya zamani yakaota ukungu wa kijani. Wakubwa walisema ni hali ya hewa. Manang Bising, ambaye wakati ule hakuwa na cheo cha kumfanya asikilizwe, alinunua daftari la shule na kuanza kuandika: rafu ipi, siku gani, ukungu umefika wapi. Aliandika kwa miaka mitano.

Ni katika miaka hiyo ndipo alipozua ile taharuki ambayo wazee wa ofisi bado huisimulia. Ili ajue hewa inakwenda wapi, alizunguka ukumbini na dawa ya mbu ya kuwasha, ile ya mzunguko, akitazama moshi wake. Moshi ulikuwa umesimama tu chini ya dari ya bodi kama mgeni asiyeoneshwa kiti. Msomaji mmoja, mwalimu mstaafu, aliona moshi, akaona mwanamke aliyepiga magoti sakafuni, akakimbilia simu. Gari la zimamoto likaja na kengele zake zote. Manang Bising aliwapokea mlangoni, na badala ya kuomba radhi aliwaomba ngazi yao ndefu, maana ya maktaba ilikuwa haifiki juu. Walimwachia nusu saa. Alipanda, akaondoa bodi moja ya dari, akagonga lipu kwa nyundo, akafungua tundu moja, akashuka, akawasha dawa nyingine ya mbu. Moshi ukapanda moja kwa moja na kutoka.

Mkutubi mkuu wa wakati huo, Bi. Perpetua Alinsug, alimwandikia barua ya onyo asubuhi, na jioni akamwandikia barua ya kibali. Zote mbili zimo katika jalada lake. Kibali kilisema afungue upande wa kaskazini peke yake kwa mwaka mmoja, upande wa kusini ubaki ulivyo, kisha walinganishe. Mwaka ulipotimia, hapakuhitajika kulinganisha kwa makini. Kusini palinuka kama kiatu cha mvua. Mwaka 1993 dari ya bodi iliondolewa yote, na ukumbi ukarudi kuwa na kimo chake.

Nisipotaja habari ya mabango wenzangu watanilaumu. Kila uchaguzi, wapambe wa wagombea walikuwa wakipigilia picha za mabosi wao kwenye nguzo za mbele. Manang Bising hakumwogopa yeyote na hakuwa na chama. Alipanda, akang'oa, akakunja vizuri, akapeleka bango nyumbani kwa mwenyewe. Mgombea mmoja alimuuliza kwa hasira kama anamchukia. Alijibu kwamba sura yake haina ubaya wowote, ubaya uko kwenye misumari yake: msumari unaingiza maji, maji yanafika kwenye nondo, nondo ikishika kutu inavimba, na zege linapasuka. Yule bwana alishinda uchaguzi, na tangu hapo mabango yake hufungwa kwa kamba, tena kwenye miti ya watu wengine.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo bila yeye tusingekuwa na ukumbi wa kufanyia sherehe hii. Aliniruhusu kuliandika kwa sharti kwamba nisilipake sukari.

Mwaka 1994 Manang Bising alibandika vipande vya kioo ukutani. Ni mbinu ya mafundi wa zamani aliyorithi kwa Manong Dalmacio: unachukua kipande chembamba cha kioo, unakilaza juu ya mahali unapopashuku, unakishika kwa saruji pande mbili, na unaandika tarehe kwa msumari kabla saruji haijakauka. Kioo hakijui kunyumbuka. Ukuta ukisogea hata unene wa unywele, kinakatika. Alibandika kumi na viwili katika jengo la zamani, na sita kwenye kiungo, pale ukuta wa zamani unapokutana na Nyongeza.

Vile kumi na viwili vilikaa. Vile sita vilikuwa vinavunjika. Kila baada ya misimu miwili au mitatu ya mvua, alivikuta vimekatika, akaviondoa, akaweka vingine. Katika taarifa zake za kila mwaka aliandika, "Ufa wa kiungo umeongezeka." Aliandika sentensi hiyo kwa miaka kumi na mitano bila kuandika sababu. Sababu alikuwa ameshaijua. Nyongeza ilikuwa inazama taratibu kuelekea kwenye mtaro, na inapozama ilikuwa inauvuta ukuta wa mashariki wa Rubiato. Jengo linalozama namna hiyo lina msingi mfupi, na aliyemwaga msingi ule alikuwa baba yake, ambaye kila Jumapili baada ya misa alipenda kupita mbele ya maktaba na kuuangalia ukuta wake.

Tarehe 19 Agosti 2014, saa nne asubuhi, tetemeko likapita. Halikumuua mtu mjini petu. Wasomaji walitoka wote, na Manang Bising alitoka wa mwisho akiwa ameshika mkono wa mzee aliyekataa kuacha gazeti lake. Tuliporudi, tulikuta ufa mpana wa kuingiza vidole viwili, umetambaa ukuta wa mashariki kutoka sakafuni mpaka karibu na dari. Kesho yake Injinia Leonides Varca wa ofisi ya mji alikuja, akautazama ufa kwa dakika ishirini, akabandika mlangoni karatasi nyekundu ya kukataza watu kuingia. Ndani ya mwezi mmoja pendekezo likawa mezani kwa Baraza la Mji: jengo ni bovu, libomolewe lote, pajengwe ghorofa nne, chini maduka, na maktaba ipewe nafasi juu. Vitabu vilianza kupakiwa kwenye masanduku ya maziwa. Sisi wafanyakazi tulinung'unika na kuendelea kupakia.

Manang Bising hakupakia. Alikwenda kukagua vioo vyake. Vile sita vya kwenye kiungo vilikuwa vumbi. Vile kumi na viwili vya jengo la zamani, vyenye tarehe ya 1994, vilikuwa vizima vyote, na tetemeko lile lilikuwa limepita juu yake.

Alikuwa na jibu mkononi, na jibu lilikuwa na jina la baba yake.

Jumapili iliyotangulia kikao cha Baraza, alipika mbaazi na fenesi changa na nyama ya nguruwe, chakula anachokipenda mzee. Tatay Hermogenes alikuwa na miaka themanini na mitano, magoti mabovu, kichwa kizima. Walikula mpaka nusu ya sahani. Kisha mzee ndiye aliyeanza.

"Ni ukuta wangu?"

"Si ukuta, Tay. Ni msingi."

Mzee akaendelea kutafuna. Akasema michoro ilitaka futi tano. Walipofika futi tatu mvua ya Juni ilianza, shimo likajaa maji, wakayachota siku nne na shimo likajaa tena. Meya wa wakati ule alitaka kufungua jengo siku ya sikukuu ya mji. Fundi mkuu angeweza kukataa, na fundi mkuu alikuwa yeye.

"Nilimwaga zege kwenye matope, Inday, binti yangu. Nikajiambia nitaongeza nondo za kulishika kwenye ukuta wa zamani, halitakwenda popote." Akaweka kijiko chini. "Kesho utasema?"

"Nitasema."

"Na jina langu?"

"Wakiniuliza, Tay."

"Watakuuliza. Usiwasubirishe."

Manang Bising anasema aliosha vyombo vyote, hata vile visafi, na hakulia mpaka alipofika kwenye sufuria. Tangu akiwa msichana wa bakuli alikuwa akiwaambia watu, "Lile kalijenga baba yangu." Sasa ilimbidi kuisema sentensi ileile mbele ya Baraza zima ili iwe shtaka.

Kikao kilikuwa Jumatatu saa tatu. Alivaa sare yake ya kazi, ile ya bluu, na kubeba sanduku la biskuti. Ndani yake mlikuwa na vioo vilivyovunjika vya miaka ishirini, kila seti katika bahasha yake yenye tarehe. Injinia Varca alieleza hoja yake kwa adabu na kwa michoro. Zamu ya Manang Bising ilipofika, aliwaomba madiwani watembee naye. Maktaba iko hatua mia mbili kutoka barazani. Wengine walisita kwa sababu ya karatasi nyekundu, na yeye akaingia kwanza, akasimama chini ya ufa wenyewe, akangoja.

Waliingia. Aliwaonesha kioo kimoja baada ya kingine, akiwasomea tarehe. Kisha akafungua sanduku na kupanga zile bahasha mezani. Injinia Varca alikuwa kijana wa heshima, na alizungumza kama anayetaka kumsaidia mtu mzima asijiaibishe.

"Manang, naelewa unalipenda jengo. Lakini wewe si mhandisi."

"Kweli, Injinia. Ndiyo maana sikuja na maoni. Nimekuja na vioo."

Hapo diwani mmoja akacheka, na Injinia akakichukua kioo kimoja cha kiungo, akakigeuza, akakirudisha. Akauliza swali lililokuwa linasubiriwa na mtu mmoja tu katika ukumbi ule. Nani alijenga Nyongeza?

"Hermogenes Paguntalan. Baba yangu. Michoro ilisema futi tano, akamwaga futi tatu, kwenye maji. Jengo la zamani halina kosa. Linavutwa."

Nilikuwepo. Hakuna aliyecheka tena. Injinia Varca alivua kofia yake ya plastiki, akaomba wiki mbili.

Na hapa namsifu Injinia pia, kwa sababu mtu akiwa ameshatia sahihi si rahisi kurudi nyuma. Alichimba mwenyewe pembeni mwa Nyongeza. Alikuta futi tatu na inchi moja. Alipima ukuta wa Rubiato kwa timazi katika sehemu ishirini, akakuta umenyooka kote isipokuwa pale ulipofungwa na Nyongeza. Taarifa yake ya pili ilisema: jengo la zamani libaki, Nyongeza ibomolewe. Baraza likapitisha kwa kura saba dhidi ya nne.

Lakini kubomoa nako kulikuwa na hatari yake. Nondo ambazo Tatay Hermogenes alizichomeka kwenye ukuta wa zamani zilikuwa zimezikwa ndani ya zege, na michoro haikuzionesha, kwa kuwa hazikuwa kwenye mpango. Kuivuta Nyongeza kwa mashine kabla ya kuzikata kungeung'oa ukuta wa mashariki pamoja nayo. Mkandarasi alitaka kujaribu hivyohivyo, akisema atakwenda polepole. Manang Bising alisimama mbele ya mashine yake, akakunja mikono, akamwambia dereva azime. Akazima.

Kesho yake asubuhi tuliona baiskeli ya magurudumu matatu ikisimama mbele ya ngazi. Tatay Hermogenes alishuka kwa fimbo, amevaa fulana iliyopigwa pasi. Hakuna aliyemwalika. Aliomba kiti na chaki. Alikaa ndani ya Nyongeza akiutazama ukuta kwa muda mrefu, kisha akaanza kuelekeza kwa fimbo, na binti yake akawa anapiga alama. Hapa. Sasa kushoto, urefu wa mkono. Hapa. Sasa panda. Kumbukumbu ya miaka arobaini na mitatu ilitoka moja moja, bila haraka, mpaka alama zikafika ishirini na mbili.

Mafundi walipasua. Nondo ya kwanza ilikuwa pale. Ya pili, pale. Kufikia saa saba walikuwa wamekata ishirini na moja. Kwenye alama ya ishirini na mbili walikuta zege tupu, na mkandarasi akasema mzee amekosea hesabu, ziko ishirini na moja, twende. Mzee alikataa. Alisema aliziweka kwa mkono wake na hakuna siku hata moja aliyozisahau. Manang Bising akachukua patasi mwenyewe, akapasua upana wa kiganja kimoja chini ya alama. Ilikuwepo, nene kama kidole gumba, imeshika kutu lakini ngumu. Ilichukua nusu saa kuikata.

Injinia Varca alikuja kumpa mzee mkono. Tatay Hermogenes aliushika mkono huo, hakuuachia haraka.

"Kwenye taarifa yako, andika kwamba msingi ulikuwa futi tatu. Uandike na jina langu. Kijana mwingine akitaka kumwaga zege kwenye maji, asome."

Jina hilo limo katika ukurasa wa tisa. Nyongeza ilibomolewa kwa siku nne, na ukuta wa mashariki haukudondosha hata kipande cha lipu. Nyuma yake tulikuta madirisha sita ya Rubiato yaliyokuwa yamejengewa matofali tangu 1971. Yamefunguliwa. Tangu hapo, saa mbili asubuhi jua huwapiga usoni wanaokaa meza za upande ule, na malalamiko yao yako kwenye kitabu cha maoni, ambako Manang Bising amejibu kila moja kwa mwandiko wake mzuri: "Sogeza kiti."

Kazi ya kuuziba ufa na kuurudishia ukuta nguvu ilichukua miaka mitatu, na aliisimamia siku kwa siku. Alikataa mchanga wa kwanza kwa kuwa ulikuwa na chumvi, akakataa wa pili, akakubali wa tatu baada ya kuuonja ulimini mbele ya dereva wa lori. Alikataa rangi ya plastiki. Alimtafuta mwanamke wa mwisho mjini anayejua kukata makombe ya kapis, akamleta afundishe watu wanne wa hapa, na madirisha yote arobaini yakapata makombe mapya pale yalipopungua. Tatay Hermogenes alifariki mwaka 2018. Jumapili yake ya mwisho alipita mbele ya maktaba kama kawaida yake, akaomba baiskeli isimame upande wa mashariki, mahali ambapo ukuta wake haukuwapo tena. Manang Bising alikuwa pamoja naye. Alimuuliza kama anaumia. Mzee alijibu kwamba anauangalia ukuta wa mwenzake, na kwamba Rubiato yule alikuwa fundi.

Mengine ya karibuni mnayajua. Mwezi Novemba mwaka jana tuliambiwa kwamba nafasi yake haitajazwa, kazi itagawanywa kwa ofisi mbalimbali. Manang Bising aliombwa arudishe funguo na kutia sahihi fomu ya kukabidhi. Alisoma fomu yote, akauliza anamkabidhi nani. Akaambiwa anaikabidhi ofisi. Akasema ofisi haiwezi kupanda ngazi. Funguo zikabaki kiunoni mwake Desemba, zikabaki Januari, na kila Ijumaa alipeleka barua fupi yenye swali moja: nani? Barua ya tisa ilijibiwa. Tangu tarehe 12 Februari tunaye Bi. Rosenda Catalbas, seremala mwenye miaka kumi ya kazi, na wale waliopita ukumbini mwezi uliopita walimwona amesimama katikati bila viatu, kimya, huku Manang Bising akiangalia saa.

Kwa niaba ya wafanyakazi wote, wasomaji, na Baraza ambalo safari hii lilipiga kura bila upinzani kumpa cheti cha heshima, tunasema asante. Asante kwa daftari la ukungu. Asante kwa bahasha za vioo. Asante kwa kusema jina lililokuwa gumu kulisema, siku ambayo kunyamaza kungekuwa rahisi na hakuna ambaye angejua.

Katika kuandaa wasifu huu nilitafuta kadi yake ya msomaji ili nione anapenda vitabu gani. Sikuipata, kwa sababu haipo. Nilimuuliza. Alisema hajawahi kukaa kwenye ukumbi ule. Kila alipotaka kukaa aliona kitu cha kutengenezwa.

Manang Bising, tunakuombea siku nyingi, magoti mepesi na chakula cha moto. Kadi yako imeshaandikwa, ni namba 48,117, na kiti cha meza ya tatu upande wa kaskazini, penye upepo mzuri, tumekifuta vumbi. Bi. Rosenda yuko kazini. Sasa keti.

Teodulfo Magbanua
Idara ya Kumbukumbu, kwa niaba ya wafanyakazi wote